Likizo ya mufanyakazi wa siku chache: tuihesabu namna gani?

Mumezoea nikiwaletea habari za mboleo, za kukata matawi ya kahawa ao za wadudu. Leo ninaleta habari ya hesabu. Mimi ni agronome, siko mwanasheria. Lakini katika kutembelea koperative nimeona franga nyingi za wakulima zikipotea, si juu ya ugonjwa wa shamba, ila juu ya kaye yenye haikuandikwa.

Sikilizeni hii. Kulikuwa koperative moja ya kahawa, jina lake tuliache. Kontable wao alikuwa mama mwenye kutumika siku tatu kwa juma: siku ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kisha miaka miwili, katika mukutano wa komite, akaomba likizo, ile tunazoea kuita konje. Prezida akamujibu: "Mama, wewe unapumzika siku ine kila juma. Konje ya nini tena?" Watu wakacheka. Mimi pia nilikuwa pale, na niseme ukweli, nilicheka pamoja nao. Mama hakujibu kitu.

Kisha miezi mitatu akaacha kazi, akaenda kwa mukaguzi wa kazi. Komite ikaitwa. Mukaguzi akauliza maulizo matatu tu: Alianza lini? Alitumika siku ngapi kwa juma? Alipewa likizo lini? Komite haikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Wakasikilizana kulipa. Siku zake zote zilifika karibu mushahara wa mwezi muzima. Hiyo peke yake ingevumilika. Lakini habari ilitembea: sentineli akakuja na lake, kisha wamama watatu wenye kuchagua kahawa kwenye meza. Franga zenye zilikuwa zimewekwa juu ya kununua nyavu mupya za meza za kuanikia zikaishia pale. Sezo ile kahawa ikaanikwa juu ya nyavu za zamani zenye kutoboka, na wanamemba wote wakapata hasara.

Tangu pale, kila mara ninapofika kwa koperative ninauliza kwanza kaye ya wafanyakazi, kisha ndio tunaenda shambani. Somo la leo ni kwa ajili ya komite, kwa ajili ya wafanyakazi, na pia kwa ajili ya memba wa kawaida, kwa sababu franga zenye kulipa deni ni zake.

1. Nani ni mufanyakazi, nani ni memba?

Kwanza tutenganishe watu. Memba mwenye kuja kwa salongo ya kutengeneza barabara ya kufika kwenye stasio ya kuosha kahawa, yule si mufanyakazi. Amekuja kusaidia kitu chake mwenyewe. Memba wa komite mwenye kukaa katika mikutano, naye si mufanyakazi juu ya ile mikutano.

Mufanyakazi ni mutu mwenye anafanya kazi chini ya maagizo ya koperative, na koperative inamulipa mushahara. Kontable, jerani wa depo, mupimaji wa kahawa kwenye mizani, sentineli, mama wa kuchagua kahawa mbaya na nzuri, kijana wa mashini ya kumenya: hawa ni wafanyakazi, hata kama wanatumika siku mbili tu kwa juma.

Mutu mumoja anaweza kuwa vyote viwili. Baba anauzisha kahawa yake kwa koperative: pale ni memba. Asubuhi anasimama kwenye mizani na kulipwa: pale ni mufanyakazi. Musichanganye risturne na mushahara. Risturne ni faida ya memba, haiwezi kulipa likizo ya mufanyakazi.

2. Sheria inasema nini?

Sheria ya kazi ya inchi yetu ni Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, ile inaitwa Code du travail. Ilibadilishwa sehemu fulani kwa Sheria namba 16/010 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016. Juu ya likizo ya mwaka, mushike mambo haya:

– Mufanyakazi mwenye kupita miaka 18 anapata siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima wenye ametumika. Mwaka muzima ni siku 12.
– Mwenye hajafika miaka 18 anapata siku moja na nusu kwa kila mwezi muzima. Mwaka muzima ni siku 18.
– Kila miaka tano kwa muajiri mumoja, inaongezeka siku moja. Mwenye amepitisha miaka tano anapata siku 13 kwa mwaka, mwenye amepitisha kumi anapata siku 14.
– Wakati wa likizo anaendelea kulipwa mushahara wenye alikuwa nao wakati wa kwenda likizo.
– Mufanyakazi hawezi kukataa likizo yake ili koperative imupe franga tu na aendelee na kazi. Hata akisinya karatasi ya namna hiyo, ile karatasi haina nguvu.
– Kontra ikiisha mbele ya kuchukua likizo, siku zenye zilibaki zinageuzwa kuwa franga na kulipwa.

Sheria inasema "kwa uchache". Ni sawa na mbegu kwa ekari: kuna kipimo chenye hauwezi kushuka chini yake. Kupita juu ni ruhusa. Koperative yenye uwezo inaweza kutoa zaidi.

3. Kosa la kwanza: "yeye anapumzika tayari"

Turudilie maneno ya yule prezida. Alisema mama anapumzika siku ine kila juma. Ni kweli? Siku ya pili na ya ine mama alikuwa katika shamba lake la maharagwe. Siku ya posho alikuwa soko. Siku ya Yenga alikuwa kanisani. Zile siku ine koperative haikumulipa hata franga moja. Siku yenye haulipwi si likizo. Ni siku yako mwenyewe.

Likizo ni kitu kingine: ni siku yenye ungepaswa kuwa kazini, unabaki nyumbani, na mushahara unaendelea. Kwa hiyo, mwenye kutumika siku tatu kwa juma iko na haki ya likizo sawa na mwenye kutumika siku sita. Kinachobadilika ni ukubwa wa hesabu.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mufanyakazi wa siku tatu anasikia "siku 12" na kufikiri atakosa siku 12 zake za kazi. Akifanya vile, atabaki nyumbani majuma ine, wakati mwenzake mwenye kutumika siku zote sita anabaki majuma mawili tu. Pale mwenzake atanungunika. Tunahitaji njia yenye kuwaweka sawa.

4. Njia ya majuma

Njia yenye tunashauri koperative ni hii: musihesabu siku kwanza, muhesabu majuma.

Kwa mwenye kutumika siku sita kwa juma, siku 12 ni majuma mawili. Basi kila mufanyakazi apumzike majuma mawili, na katika yale majuma mawili alipwe siku zenye angetumika. Hesabu yake:

Siku za sheria, gawa kwa 6, zidisha kwa siku zenye anatumika kwa juma.

Tufanye mifano. Ili iwe rahisi tuseme siku moja ya kazi inalipwa franga 24 000. Ni namba ya mufano tu. Kwenu mutie mushahara wenu wa kweli, na usiwe chini ya mushahara wa uchache wenye serikali imeweka (SMIG).

Mufano wa kwanza: jerani wa depo. Anatumika siku sita kwa juma, mwaka muzima. 12 gawa kwa 6 ni 2, zidisha kwa 6 ni siku 12. Malipo: 12 × 24 000 = franga 288 000.

Mufano wa pili: mama kontable. Anatumika siku tatu kwa juma, mwaka muzima. 12 gawa kwa 6 ni 2, zidisha kwa 3 ni siku 6. Malipo: 6 × 24 000 = franga 144 000. Yeye na jerani wote wanapumzika majuma mawili. Hakuna mwenye kunungunika.

Mufano wa tatu: kijana wa kusafisha ofisi. Anakuja kila asubuhi, siku sita kwa juma, lakini saa sita ya mchana anarudi. 12 gawa kwa 6, zidisha kwa 6 ni asubuhi 12. Ukisema "ni nusu siku, basi nimupe 6", umekata mara mbili, kwa sababu mushahara wake wa asubuhi tayari ni mudogo. Mwenye kutumika siku nusu anapata siku nyingi sawa na wengine, na kila moja inalipwa kama nusu.

Mufano wa ine: sentineli wa zamani. Anatumika usiku ine kwa juma, na iko na miaka sita katika koperative. Sheria inamupa siku 13. 13 gawa kwa 6, zidisha kwa 4, inatoka 8 na kitu. Mufanye nini na kile kitu? Tunashauri kupandisha: usiku 9. Kupandisha kunagharimia koperative kidogo, na kunaondoa mabishano.

Mufano wa tano: mwenye alibadilisha saa. Mupimaji alitumika siku sita kwa juma kwa miezi 5, wakati wa mavuno. Kisha sezo akabaki na siku tatu kwa juma kwa miezi 7. Muhesabu kila sehemu peke yake. Sehemu ya kwanza: 5 gawa kwa 6, zidisha kwa 6 ni siku 5. Sehemu ya pili: 7 gawa kwa 6, zidisha kwa 3 ni siku 3 na nusu. Jumla siku 8 na nusu, tupandishe: siku 9. Komite nyingi zinaangalia saa zake za leo tu na kuhesabu mwaka wote kwa siku tatu. Pale anapata siku 6, na tatu zinapotea. Ni siku zenye alikwisha kulipia kwa jasho lake wakati wa mavuno.

Neno moja juu ya "mwezi muzima". Kwa mama kontable mwezi muzima si mwezi wenye alitumika siku 26. Ni mwezi wenye kontra yake ilikuwa inatembea na alifika siku zake zote zenye mulisikilizana. Ukimukatia mwezi kwa sababu hakufika siku 26, kisha umukatie tena kwa sababu ni wa siku tatu, umemukata mara mbili.

5. Watu wa kazi ya siku: muangalie namba 22

Hapa ndipo koperative nyingi zinaangukia, na ndipo ile koperative ya hadisi yetu iliangukia na wamama wa kuchagua kahawa. Tunasema: "Hawa ni wajurnalie, tunawalipa mangaribi, kesho hatuna deni nao." Sheria haioni hivyo siku zote.

Sheria inasema: mutu mwenye kutumika siku kwa siku, akisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, na mukimuita tena kazini mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Toka pale ni mufanyakazi wenu kama jerani na kontable, na likizo inaanza kuhesabiwa.

Sasa tuhesabu. Mama wa kuchagua anakuja siku tatu tu kwa juma. Miezi miwili ni karibu majuma 8 na siku chache. Mara tatu kila juma inafika siku 24 ao zaidi. Amepita 22 bila mutu kujua! Na kwa sezo kubwa ya kahawa katika Kivu, toka karibu mwezi wa tatu mupaka wa sita, wamama wengi wanakuja siku ine ao tano kwa juma. Wao wanafika 22 mbele hata ya miezi miwili kuisha.

Komite ifanye nini? Isifanye ujanja wa kufukuza mama kwa siku ya 21 na kuita dada yake. Nimeona koperative yenye ilifanya vile. Kahawa ikaharibika, kwa sababu jicho la kuchagua halinunuliwi kwa siku moja. Njia ya muzuri ni kuandika kontra ya sezo: tarehe ya kuanza, kazi yenyewe, siku kwa juma, mushahara, na mwisho wa sezo. Kisha pa mwisho mulipe siku za likizo. Kwa mama wa siku tatu kwa juma, sezo ya miezi 4: 4 gawa kwa 6, zidisha kwa 3 ni siku 2. Ni franga 48 000 kwa mufano wetu. Ndiyo bei ya kulala usingizi.

6. Siku zenye haziingie katika likizo

Musikate likizo ya mutu kwa siku hizi:

– Sikukuu za serikali zenye hazitumikiwe, sawa na tarehe 1 mwezi wa 5, tarehe 30 mwezi wa 6 ao tarehe 25 mwezi wa 12. Ikianguka katikati ya likizo, siku yenye angetumika inasogezwa mbele.
– Siku za mambo ya jamaa. Mufanyakazi akifiwa na bibi yake, bwana yake, muzazi ao mutoto, sheria inamupa siku 4 za kazi. Akioa ao kuolewa, siku 2. Bibi yake akizaa, siku 2. Hizi ni zake mbali na likizo ya mwaka.

Ninajua kwetu matanga yanaweza kupita siku ine. Siku zenye zinazidi musikilizane: ao zitoke katika likizo kwa kuomba kwake, ao ziwe bila malipo. Muandike vile mulisikilizana, mutu asinye. Musimuambie siku yenye anarudi, macho yangali mekundu, kwamba likizo yake imeisha.

7. Sanduku la 26

Wakati ninafundisha haya, kontable mumoja aliniuliza: "Baba agronome, niko na wafanyakazi kumi na moja, kila mumoja na siku zake. Nitahesabu namna gani kila mwezi?" Nikamuonyesha njia fupi, na ninawapa ninyi pia.

Mwenye kutumika siku sita kwa juma anafanya karibu siku 26 kwa mwezi. Likizo yake ni siku moja kwa mwezi. Ni kusema, likizo ni sehemu moja ya 26 ya mushahara. Na kwa mwenye siku tatu? Anafanya karibu siku 13 na anapata nusu siku: tena ni sehemu moja ya 26. Kwa hiyo, kwa kila mufanyakazi mukubwa, siku zake ziwe nyingi ao chache:

Kila siku ya mushahara, gawa mushahara wake kwa 26, na uweke ile franga katika sanduku la likizo.

Tujaribu kwa mama kontable. Siku 13 × 24 000 ni franga 312 000 kwa mwezi. Gawa kwa 26: franga 12 000. Kwa miezi 12: franga 144 000. Ni ileile namba tulipata katika mufano wa pili. Hesabu mbili zinakutana, basi tunajua hatukudanganyika.

Mambo matatu ya kuangalia juu ya sanduku:

– Franga za sanduku musimupe mufanyakazi kila mwezi pamoja na mushahara. Atakula, na wakati wa likizo ataogopa kupumzika kwa kukosa chakula. Atapewa siku yenye anaenda likizo, ao siku kontra inaisha.
– Mukimupandishia mushahara katikati ya mwaka, muongezee sanduku, kwa sababu analipwa mushahara wa wakati wa kwenda.
– Kwa mwenye hajafika miaka 18 ao mwenye amepitisha miaka tano, muweke kidogo zaidi.

Na mukutano mukubwa wa memba uambiwe kwamba sanduku hili si faida. Katika mwaka mubaya wa kahawa, macho yote yanaangalia pale kwanza. Mukilikula, mumekula franga ya mutu.

8. Kaye

Haya yote hayana maana bila kaye. Hakuna haja ya ordinatere. Kaye moja ya kawaida, kila mufanyakazi ukurasa wake. Juu muandike jina, tarehe ya kuanza, siku zenye mulisikilizana kwa juma, na mushahara wa siku. Chini muchore mistari ya kushuka:

– mwezi;
– siku zenye alitumika;
– mushahara wenye alipokea;
– franga zenye zimeingia katika sanduku;
– siku za likizo zenye amechukua, toka tarehe gani mupaka tarehe gani;
– sinyatire yake, ao kidole kwa mwenye hajui kuandika.

Mwenye hajui kuandika asomewe mbele ya kutia kidole, na mutu mwengine asimame pale kama mushahidi. Kila mwisho wa mwezi, dakika mbili kwa mutu. Wajurnalie nao wawe na ukurasa wao, ili namba 22 isiwakute mukilala.

Kaye inalinda pande zote mbili. Niliona pia mufanyakazi mwenye kudai likizo ya miaka mitatu, wakati alikwisha kuichukua miwili. Jerani akafungua kaye, sinyatire ikaonekana, mambo yakaisha bila kelele.

9. Waende lini?

Tarehe musikilizane pamoja. Mimi kama agronome ninashauri muitie katika kalenda ya shamba. Wakati wa mavuno makubwa hakuna mutu wa mizani wala wa mashini mwenye kuachiliwa kwa urahisi. Kisha parche kwenda kuuzwa, stasio inapumua: pale ndio wakati. Lakini hata mufanyakazi iko na kalenda yake. Mama mwenye kulima maharagwe ataomba majuma ya kupanda, na mwenye watoto ataomba wakati wa masomo kuanza. Mwanzo wa mwaka, chukueni karatasi moja, kila mutu aseme majuma yake, muibandike kwenye mulango wa depo. Likizo ya mutu wa siku chache ni rahisi kupanga, kwa sababu mwenzake anaweza kushika siku zake mbili ao tatu.

Mbele ya kuandika kanuni hizi katika kontra zenu, muzipeleke kwa ofisi ya Inspeksio ya Kazi iliyo karibu nanyi. Ni muzuri kumuendea mukaguzi mukiwa na maulizo, kuliko kungoja yeye awaite mukiwa na deni.

Zoezi la kufanya katika kikundi

a) Sentineli anatumika usiku ine kwa juma. Ametumika miezi 10, kontra inaisha, hajachukua likizo. Munamulipa usiku ngapi?
b) Mama wa kusafisha anakuja asubuhi tano kwa juma, mwaka muzima. Anapata asubuhi ngapi?
c) Mupimaji anapokea franga 234 000 kwa mwezi. Sanduku lake linaingia ngapi kwa mwezi, na ngapi kwa mwaka?
d) Mama wa kuchagua amefanya siku 14 katika miezi miwili. Amefika kwenye kontra isiyo na mwisho?

Majibu: a) 10 gawa kwa 6, zidisha kwa 4: 6 na kitu, tupandishe, usiku 7. b) 12 gawa kwa 6, zidisha kwa 5: asubuhi 10. c) Franga 9 000 kwa mwezi, franga 108 000 kwa mwaka. d) Hapana, hajafika 22. Lakini muendelee kumuandika.

Mupate kujua mwisho wa hadisi yetu. Ile koperative iliweka kaye na sanduku sezo yenye ilifuata. Nyavu zilinunuliwa kisha mwaka mumoja, nusu kwanza, nusu nyuma. Mama kontable hakurudi. Alipata kazi kwa koperative ingine, upande wa pili wa kilima, na sasa hesabu zake nzuri zinasaidia watu wengine. Wakati nilipita kule alinikaribisha, akafungua kaye yake ya wafanyakazi, akanionyesha ukurasa wenye jina lake mwenyewe. Pa likizo palikuwa pameandikwa siku 6. Nilimuomba samahani juu ya kile kicheko. Akaniambia: "Si kitu, baba. Uwafundishe wengine tu." Ndilo nimefanya leo.